Kugombea Kushindwa

Miaka ile maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa bidhaa tena, nilikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya mtaa wetu. Mfanyabiashara mmoja wa duka la jumla akaanzisha kombe la wanawake: kila mchezaji wa timu bingwa angepewa godoro la sponji. Mimi nilikuwa nalalia la majani.

Makundi yalikuwa mawili, na timu mbili za juu katika kila kundi zingeingia nusu fainali. Sisi na timu ya kijiji jirani tulikuwa tumeshafuzu. Ilibaki mechi ya kuamua nani awe wa kwanza. Asubuhi ile tukasikia kwamba Matai, ambao hatukuwa tumewahi kuwafunga, wameteleza na kushika nafasi ya pili kwenye kundi lao. Maana yake wa kwanza wetu angekutana na Matai. Wa pili angekutana na Msanzi, na Msanzi tulizoea kuwafunga.

Kocha wetu alituita pembeni. "Leo atakayeshinda ndiye mjinga," alisema kwa upole, kama anayegawa dawa. Hakuna aliyembishia. Hata mimi.

Ila wenzetu nao walikuwa na kocha.

Mfungaji wao alisimama chini ya goli peke yake, akarusha mpira kama anayefukuza kunguru shambani. Nikapewa mimi, nikaupitisha chini ya pete. Walinzi wakatupisha. Mwamuzi alituonya, akatuonya tena, mwisho akawa anatazama saa yake tu. Watu wakazomea. Mama mmoja alibeba kigoda chake akaondoka, akisema bora angebaki kupalilia ulezi.

Mwishoni mfungaji wao akarusha ovyo, mpira ukaingia. Akashika kichwa. Sisi tukakumbatiana.

Shangazi yangu alikuwa ametoka Mpui juu ya lori la mahindi ili aje kuniona nikicheza. Tulipofika nyumbani akachemsha maji, akatia chumvi, akanishika mkono.

"Umeteguka wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha begani. Akanikanda taratibu, huku akimlaumu kocha kwa kumchezesha mgonjwa. Nilijionea kinyaa, lakini sikuuondoa mkono. Kesho yake alirudi Mpui akiwa ameridhika kwamba amenihudumia.

Msanzi tuliwafunga kweli. Matai wakawafunga wale wenzetu, kwa hiyo tukakutana nao fainali, watu walewale tuliowakimbia. Siku hiyo nilicheza kwa nguvu zangu zote, na mabeki wa Matai walinizidi urefu. Kila nilipokosa goli, uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja aliyesimama karibu na mstari akaniambia, bila hata kupaza sauti, "Endelea binti, tumeshakuzoea."

Nilitaka kumwambia kwamba safari hii nakosa kwa kweli. Nikaokota mpira.