Kisima Bila Kifuniko

Kazini walimwita Mkulima wa Kiti, maana alipanda misitu mizima bila kuinuka. Aliwatengenezea wachoraji wa majengo mandhari kwa kompyuta: anainua ardhi hapa, anatawanya nyasi pale, anasimamisha miti, kisha anaweka jua ili vivuli vilale upande mmoja. Wenzake walimtania kuwa ndiye mkulima pekee asiyelalamikia mvua. Alicheka nao, ila nyumbani kicheko kilikuwa kimehama zamani.

Mama yake alikuwa amemsahau. Ilianza na miwani na funguo, ikaishia kwa binti wa kuzaa. Kila asubuhi binti alisimama nje ya chumba cha mama, kitasa mkononi, akiogopa kusikia tena, "Karibu dada, unamtafuta nani?" Mtu mzima mwenye mvi zake anaogopa mlango. Acheke asiyewahi kuulizwa hivyo na mama yake.

Nesi alishauri mgonjwa aonyeshwe vitu vya zamani. Nyumba yao ya zamani ilishabomolewa na picha yake haikuwepo, basi binti akaamua kuutengeneza ule uwanja wa nyuma kwenye kompyuta, kwa kumbukumbu zake za utotoni. Akashusha ardhi kidogo kuelekea kwenye ua wa michongoma. Akapanda mpera uliopinda, akaacha vipara kwenye nyasi pale kuku walipokuwa wakiparua. Akachimba kisima, akakizungushia jiwe moja moja. Kifuniko cha mbao alikiweka kiporo, maana kuchora mbao na misumari yake ni kazi ya kuchosha. Mwisho akawasha upepo, nyasi zikaanza kuyumba.

Jumamosi mchana akaiweka kompyuta kwenye meza iliyokuwa hatua chache mbele ya mama.

Mama alitabasamu, akanyoosha kidole. "Mpera ule." Kisha kidole kikasimama, na uso ukamsawijika.

"Nani kaacha kisima wazi?"

"Mama, hiyo ni picha tu."

"Nauliza nani kakiacha wazi. Mtoto yuko wapi?"

Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Miguu isiyofika hata bafuni bila kushikwa ilimpeleka yenyewe hadi mezani. Akaanza kupigapiga skrini kwa viganja. "Kifaranga! Kifaranga, toka hapo. Njoo kwa mama."

Binti akaganda. Kifaranga ni yeye. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita hivyo, na alikwisha kukata tamaa ya kulisikia tena.

"Niko hapa, mama. Mimi ndiye Kifaranga."

Mama alimsukuma kando, maana binti alikuwa anamkinga asiione skrini. "Nisaidie, dada. Mwanangu anatumbukia."

Hapo hofu nyingine ikamwingia binti, mbaya kuliko ile ya mlangoni, kwa kuwa safari hii alijiogopa mwenyewe. Alitaka kisima kibaki wazi. Kesho akifungue tena, na keshokutwa, alisikie jina lake. Mama alikuwa akitetemeka hadi kidevu, machozi yakidondoka juu ya vitufe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sasa binti aliuona kwa macho yake, ukimtafuta yeye ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe.

Akaketi. Hakuchora misumari wala mistari ya mbao. Alitengeneza ubao bapa, wa ovyo, ambao kazini angeuonea aibu, akauburuta hadi juu ya kisima.

"Nimefunika, mama. Tazama."

"Weka na jiwe."

Akaweka jiwe. Mama alilitazama kwa muda, mabega yakamshuka taratibu. Binti akamwinulia kiti, akamketisha.

"Asante, dada," mama akasema, akimpapasa mkono. "Wewe una watoto?"

"Sina, mama."

"Ukipata, usiache kuwatupia jicho. Mimi ninaye mmoja tu."

Binti akaihifadhi kazi, kisima kikiwa kimefunikwa.