Njia Aliyoikata Mzee Hamza

Saa moja asubuhi, Mzee Hamza Idi anapima ardhi kwa miguu yake. Anaanzia ukingoni mwa korongo, anahesabu taratibu, anasimama penye kaburi la mkewe, Swaumu. Hatua kumi na moja.

"Kabla ya mvua za mwaka huu zilikuwa kumi na sita," anasema, kisha anashika jembe na kuendelea kupanda mkonge.

Mzee Hamza, mwenye umri wa miaka 68, ni mchimba makaburi wa Isuri, kilima kidogo wilayani Kondoa. Vijiji vitatu vya bondeni huzika hapa, maana kwao ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kwa miaka 41 amechimba bila malipo, akiishi kwa ekari mbili za mtama na mbaazi.

Kinachomuuma ni kwamba korongo lile ni kazi ya mikono yake. Zamani wabeba jeneza walikizunguka kilima kwa saa nzima. Akiwa kijana, Hamza alichukua panga na sururu, akakata njia iliyonyooka moja kwa moja hadi juu. Watu walimshukuru na kumwombea dua. Lakini miguu ilikanyaga hadi majani yakaisha, na mvua ikapata pa kupita.

"Nilitafuta thawabu," anasema, macho chini. "Kumbe nilikuwa namchimbia mke wangu shimo la pili."

Mwezi uliopita Mudrick, mkulima wa bondeni, alikuja kumzika mama yake. Wabebaji waliposhika njia ya mkato, mzee alisimama katikati.

"Shikamoo, mzee. Tupishe tafadhali, maiti hacheleweshwi."

"Marahaba, baba. Pole kwa msiba. Najua hacheleweshwi. Lakini tukiendelea kupita hapa, hata mama yako korongo litamfuata. Nakuomba, zungukeni."

Wapo waliong'aka. Lakini Mudrick aliwaambia wenzake wageuze jeneza. Wiki iliyofuata alirudi na miche hamsini ya mkonge kwenye baiskeli.

Mzee anataka kumaliza mistari minne kabla ya Novemba. Kama itazuia maji, hajui, na hafichi kwamba anaogopa.

Lakini wosia ameshautoa, kwa wanawe na kwa vijiji vyote vitatu.

"Siku yangu ikifika, hata kama jua linazama, msinipitishe hapa. Nizungusheni. Mimi sitakuwa na haraka."