Awamu ya Kwanza ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini kwetu, juu katika milima ya Uluguru, tangu bomba lilipofika. Mabomba yenyewe aliyapandisha begani akiwa kijana, na spana ya koki kuu ililala chini ya kitanda chake. Ilipokaribia siku ya uchaguzi, watu wakaanza kusema kwamba muda wake umekwisha. Kanuni za kamati zinasema mwenyekiti asizidi awamu mbili. Akanipigia simu mjini, Mwembesongo ninakoishi.

“Mpwa wangu, wewe si msomaji? Nimesikia redioni Wamarekani wanabishana habari ya rais wao kuendelea kukaa. Hebu nitazamie. Wao wanaachaje?”

Nilijua kwamba rais wa Marekani hachaguliwi mara ya tatu, ila sikuwahi kujiuliza nani aliamua hivyo. Nikaenda maktaba. Nilidhani nitakuta sheria ya tangu mwanzo, nikakuta mazoea. Rais wao wa kwanza aliondoka baada ya mihula miwili bila sheria yoyote kumlazimisha, na waliomfuata wakaishika desturi hiyo kwa zaidi ya karne. Kisha, katika miaka ya ukata na vita kuu, mmoja akachaguliwa mara nne. Baada yake ndipo wakabadilisha katiba.

Jumapili nikapanda kijijini. Mjomba alipokea shikamoo yangu na papo hapo akauliza habari za yule wa mara nne.

“Walimtoaje?”

“Hawakumtoa. Alifia madarakani.”

Akavaa kofia yake, tukaenda mkutanoni.

Mkutano wa uchaguzi ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Mjomba akasimama kujitetea.

“Kanuni inasema awamu mbili. Haya, serikali yetu tunaihesabuje? Rais akichaguliwa mara ya pili, tunasema awamu mpya? Hatusemi. Awamu inabadilika akibadilika mtu. Mimi hapa ndiye mwenyekiti wa kwanza wa maji haya. Kwa hiyo bado niko awamu ya kwanza.”

Watu wakacheka, lakini niliona wengine wakitazamana. Hoja ilikuwa nzima. Walioandika kanuni walitaka kusema muhula, wakaandika neno walilozoea kulisikia kwenye taarifa ya habari.

Mweka hazina, mama anayelima karoti upande wa chini, hakucheka.

“Sawa, mzee wangu. Uko awamu ya kwanza. Sasa hiyo ya pili utaianzaje wakati hujatoka kwenye ya kwanza?”

Mjomba akanigeukia. “Mpwa, kwa Wamarekani lipo hilo, mtu kutoka kisha akarudi?”

Nikasema lipo. Wamepata marais wawili walioshindwa uchaguzi, wakakaa nje muhula mmoja, wakarudi. Kila mmoja wao anahesabiwa mara mbili katika orodha ya marais, kana kwamba ni watu wawili. Nikaongeza lililonishangaza zaidi: katiba yao haikutegemea neno kama awamu. Inasema mtu asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Inahesabu uchaguzi, haimhesabu mtu.

“Mpwa wa nani huyu?” mtu wa nyuma akauliza. “Kaitwa kumtetea mjomba wake, anamzika.”

Mjomba naye akacheka. Akasema hagombei. Mweka hazina akachaguliwa kwa mikono, na mkono wa mjomba ulikuwamo.

Njiani kurudi alikwenda polepole, mimi na mwenyekiti mpya tukimfuata.

“Hao waliorudi,” akaniuliza, “walipotoka, funguo walimwachia nani?”

“Aliyewashinda.”

Alipofika kwake aliingia ndani, akakawia kidogo, akatoka na spana imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Akampa yule mama kwa mikono miwili.

“Koki ile inafunguka nusu tu,” akamwambia. “Ikigoma usiilazimishe. Njoo uniite.”