Hori la Mbege Majini

Mtumbwini, mpiga debe hukaa kinyume. Wapiga kafi wote wanatazama mbele, yeye anawatazama wao, na kule chombo kinakokwenda kuko mgongoni kwake. Hiyo ndiyo nafasi yangu tangu tulipoanza. Watu huniuliza kama siogopi, mwanamke wa mlimani asiyejua kuogelea, kupelekwa majini kinyumenyume. Ninaogopa. Lakini nyuso za wanawake wanaovuta maji kwa pamoja nimeziona mimi peke yangu miaka yote hii, na nafasi hiyo simpi mtu.

Nilizaliwa Masama, katikati ya migomba na kahawa. Maji tuliyoyajua sisi ni ya mfongo, mfereji wa kumwagilia ambao mtoto anauruka kwa hatua moja. Shule niliacha nilipojua kusoma na kuandika, basi. Bei ya kahawa ilipoanguka, mume wangu akasema tushuke tambarare, tukaishi kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Ulikuwa wakati wa ruksa, kila mtu anauza kitu. Yeye akauza nyuzi na ndoano, mimi nikauza mbege, pombe yetu ya ndizi, pale mwaloni, mahali mitumbwi inapofikia. Wavuvi walikuwa wateja wazuri, ingawa walininukia samaki mpaka kwenye kata za pombe.

Jirani yangu alikuwa mjane kutoka Ukerewe. Mume wake alikuja kuvua, akafa kwa homa, akamwachia watoto wadogo. Huku hakuwa na ndugu wala kihamba, shamba la ukoo. Alichokuwa nacho ni kipande cha shamba la mahindi ng'ambo ya bwawa, na wanawake wengine kadhaa wa mwaloni tulikuwa na vipande vyetu huko huko. Kuzunguka kwa miguu ni kutwa nzima. Kuvushwa na wavuvi ni kusubiri mpaka wapende, na wapo waliotaka shukrani ambayo siwezi kuiandika hapa.

Siku moja akaja kibandani kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama, kwetu mimi nilipiga kafi kabla sijajua kusonga ugali. Nitafutie mtumbwi, nitawavusha wanawake wote hawa."

"Mtumbwi niutoe wapi? Mimi nauza pombe."

"Si unasema una kaka anachonga?"

Kweli kaka yangu alikuwa anachonga. Alichonga mahori ya mbege, yale magogo makubwa yaliyotobolewa katikati, ya kuchachushia pombe. Mtumbwi alikuwa hajauona hata kwenye picha. Nilipompelekea habari akasema gogo ni gogo, na kutoboa ni kutoboa. Akaangusha mti wa mringaringa uliokuwa korongoni chini ya kihamba cha baba, akauchonga hapo hapo, kisha majirani wakaja na kamba tuupandishe barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa mwitaji. Mwitaji anasimama mbele ya wavutaji, anaita, na miguu yote inakanyaga pamoja na gogo linapanda. Asipokuwepo, kila mtu anavuta kwa wakati wake na gogo linakaa tu.

Ukashuka kwa lori, juu ya mikungu ya ndizi. Tulipoutia majini ndipo kazi ya kaka yangu ikaonekana. Ulikuwa bapa chini, butu mbele, butu nyuma, na kina cha kumzamisha ndama. Tena upande mmoja, chini kabisa, alikuwa ameacha tundu lenye kizibo cha mti. Nilimuuliza baadaye la nini. Akanishangaa. "Bila tundu, machicha utayatolea wapi ukiosha?"

Wanawake wakapanda. Mtumbwi ukazunguka mara moja kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, halafu ukapinduka, karibu na nchi kavu, namshukuru Mungu. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mama, imeiva hiyo? Tuletee kata tuonje."

Mwenyekiti wa mwalo hakucheka. Alikuwa mzee wa Kipare, mtaratibu, asiyerudia neno. Akatungoja tukamue kanga zetu.

"Mimi nimeshatoa watu ndani ya maji haya," akasema. "Najua wanavyokuwa wakitoka. Mkipinduka mara ya pili, chombo hiki kinaondoka mwaloni na hakirudi. Nitakigeuza hori, nipikie mbege ya Krismasi."

Mkerewe akajibu, "Haya, mwenyekiti," basi. Lakini alipofika kwangu hakunywa hata maji. Akasema, "Mahindi yangu yamekomaa. Mtumbwi ukitolewa, yataliwa na nyani, na sijui watoto nitawapa nini." Nikamwambia hakuna kitakachotolewa. Nilisema tu, sikuwa na la kufanya.

Aliyetusaidia ni seremala mmoja mtu wa pwani, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akawa anakuja mwaloni kununua samaki. Aliuzunguka mtumbwi wetu polepole, akaupiga ngumi ubavuni.

"Kachonga nani?"

"Kaka yangu."

"Ni fundi. Ila hakuambiwa ni wa majini."

Akakatiza miti miwili juu yake, na kwenye ncha za ile miti akafunga magogo mepesi yaliyochongwa, moja kila upande, yawe yanaelea. Akasema kwao inaitwa ngalawa, na kwao hata mtoto anailalia. Mkerewe alikuwa hajaona kitu kama hicho kwenye ziwa lao. Alinuna. "Mtumbwi wenye magongo kama mgonjwa." Halafu akaingia, akasimama, akautikisa kwa nguvu zake zote. Haukupinduka. Akatoka, na kesho yake akaja kumletea yule seremala sato mkubwa.

Sasa tatizo likawa sisi wenyewe. Wanawake wote waliokuwa wamejitolea walikuwa wa mlimani, na mwanamke wa mlimani anajua kinu. Tukikoboa mahindi ya makande, wanawake watatu kwenye kinu kimoja, tunapokezana: wa kwanza akishusha mchi wa pili ameinua. Mkishusha pamoja mnavunjana vidole. Basi walipokaa kwenye mtumbwi wakafanya vile vile, bila hata kufikiri. Kafi moja ndani, moja juu, kafi zikagongana, mtumbwi ukayumba huku na huku. Mkerewe akawaimbia wimbo wa kwao, hawakuujua. Akawafokea, wakazidi kupokezana.

Mimi nilikuwa ufukweni nakanda ndizi za mbege. Niliangalia mpaka nikachoka.

"Acheni kinu," nikawapigia kelele. "Hilo ni gogo la korongoni. Vuteni."

"Njoo uite basi," akasema mmoja wao, binti wa jirani yetu wa Masama, mdomo mrefu. "Kuita ukiwa nchi kavu kila mtu anaweza, bibi."

Nilikuwa bado sijawa bibi wa mtu. Nikachukua debe tupu la mafuta ya kula, nikaingia, nikakaa mbele niwaone vizuri. Nikagonga na kuita kama nilivyoita siku ya gogo. Wakanielewa papo hapo. Mtumbwi ukaondoka na kichwa changu kikatupwa mbele. Mkerewe, aliyekuwa kule nyuma akishika usukani, akaniinulia kafi. "Usishuke tena, mama," akasema.

Siku ya kuvuna mahindi yake tulivuka asubuhi, maji yametulia. Mwenyekiti alisimama mwaloni mikono nyuma, akatuangalia tukiondoka. Mchana tukapakia magunia. Tulipokuwa tayari, upepo ukaanza kushuka kutoka upande wa Upare, na bwawa likabadilika rangi.

"Tulale huku?" akauliza yule binti.

Mkerewe akatazama maji, akatazama magunia. "Watoto wangu wamefungiwa ndani," akasema. "Ila simlazimishi mtu."

Hakuna aliyeshuka.

Katikati ya maji, wimbi likaupiga mtumbwi na magunia yakasogea. Nikasikia ubaridi mguuni. Nikainama kidogo, nikaona kizibo cha kaka yangu kimetoka, kinaelea kando ya gunia, na maji yanaingia pale mbele nilipokaa kama kutoka kwenye bomba. Niliwaangalia wale wanawake. Macho yao yote yalikuwa kwenye debe langu. Nikijua mimi, basi. Wakijua wao, wataacha kafi na kushika kingo, na hapo ndipo watu wanapopinduka. Nikasukumiza kisigino ndani ya lile tundu. Kikaingia kama kimepimwa. Nikaendelea kugonga.

Ninachotaka kuandika kwa kweli ni jinsi walivyokuwa. Mkerewe alipokea kila wimbi kwa ubavu wa kafi yake, midomo imekazwa, kama mtu anayemvalisha mtoto mkaidi. Yule binti mwenye mdomo mrefu alikuwa analia na anavuta, machozi na kamasi pamoja, na hakukosa mdundo hata mmoja. Hawa ni wanawake ambao mwaka mmoja kabla yake walikuwa wakivuka mfongo kwa kupandisha kanga. Nimeona watu wakisifiwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Tukagusa mchanga. Wavuvi wakaja kushika mtumbwi, hawakuwa na utani siku hiyo. Wanawake wakashuka, magunia yakashushwa. Mimi nikabaki nimekaa.

Mwenyekiti akasogea. "Mama, mbona hushuki?"

"Nikishuka unazama."

Akachungulia. Akaona kisigino changu kilivyoziba, na kizibo kinaelea. Akatazama kutoka mguuni kwangu mpaka usoni, mara akaanza kucheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tulipopinduka, akacheka mpaka akashika ubavu wa mtumbwi. Walinitoa mguu wakiwa watatu, na kisigino kilivimba wiki nzima. Mwenyekiti akakaa pale pale na panga, akachonga kizibo kipya, akakipigilia kwa jiwe.

"Mtafunga wapi?" akamuuliza Mkerewe. "Fungeni pale penye mti wangu. Pana kivuli, hautapasuka."

Toka hapo watu wakawa wanakuja wenyewe. Walikuja wake za wafanyakazi wa miwa, watu wa Singida na Kigoma, kisha mabinti waliomaliza shule wakakosa kazi mjini Moshi. Wengine walikuwa na mashamba ng'ambo, wengine hawakuwa na chochote ng'ambo, walitaka kuvuta tu. Seremala wa pwani akatutengenezea ngalawa ya pili, yenye pua, na baadaye ndefu zaidi ya mbao. Siku za sikukuu tukaanza kushindana na wavuvi. Mwanzoni walituacha, baadaye wakaacha kutualika. Mabinti wakanunua fulana za mitumba za rangi moja, au karibu moja. Mkerewe aliwafundisha wote, na mtu aliyegoma kujifunza kuogelea hakumpa kafi. Mimi tu alinisamehe, kwa sababu ya kisigino.

Mgeni mmoja aliyepita akatuambia kwamba huko Uchina wanashindana vivyo hivyo, mstari mrefu wa watu na ngoma mbele, na chombo kimechongwa kichwa cha joka. Mabinti wakataka joka. Nikawaambia mimi ni Mkatoliki, sikai mgongo kwa mgongo na nyoka. Wakafunga majani ya masale, yale tunayopanda mipakani mwa kihamba na kuyashika tukienda kupatana. Mpaka leo ndiyo yanayotangulia.

Hori la kaka yangu lilikaa chini ya mti wa mwenyekiti miaka mingi. Lilikuwa zito, mabinti hawakulitaka tena. Mwaka tulipopata chombo cha nne, Mkerewe akafungua zile kamba, akaondoa ile miti na magogo yake ya kuelea, akalisugua kwa mchanga na maji ya moto. Pa kutolea machicha palikuwepo, lile tundu la kaka yangu. Nikapika mbege ndani yake, ya Krismasi.

Mwenyekiti alikuwa ameshazeeka, anatembelea fimbo. Mkerewe akamchotea kata ya kwanza, akapiga goti.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ulisema utaligeuza hori."

"Marahaba." Akanywa, akafuta ndevu. "Nilisema mkipinduka."

"Hatukupinduka tena."

"Ndiyo maana naona aibu kunywa," akasema, akanyoosha kata aongezewe.