Kuhesabu Mpaka Kumi

Leo kwa fundi nimesikia harufu ya oili iliyoungua, na kiganja changu cha kulia kikajikunja chenyewe.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa ameunda gari uani kwetu: chesesi ya gari moja, injini ya lingine, bodi ya mabati aliyochomelea mwenyewe. Spea zilikuwa zimeanza kujaa madukani, naye alikuwa amenunua rejeta ndogo ya kupoza oili. Kuifunga kungechukua siku mbili. Mama, aliyekuwa karibu kujifungua, alitaka ifungwe. Baba aliona upepo wetu wa Singida unatosha.

Akalizungusha gari mpaka injini ikapata moto. Viganja vyake vilikuwa sugu kwa kuchomelea, havikusikia joto tena, hivyo akaniita mimi.

“Shika hapa chini ya injini, penye oili, mwanangu. Ukiweza kuhesabu mpaka kumi, tunaondoka kesho.”

Nilikuwa nimeahidiwa kwenda nao Kiomboi, kumpeleka mama hospitali. Sikuwahi kufika mjini. Nilishika, na kwenye tatu nikaungua. Niliinua mkono kidogo, nikaendelea kuhesabu kwa sauti.

“Kumi, baba.”

Rejeta ilibaki kwenye gunia. Kesho yake, katikati ya mlima, injini ilinoki kwa joto, gari likasimama. Mpaka jioni halikupita gari lolote. Mama aliubana mkono wangu kila uchungu ulipomjia, kisha akauachia kabisa.

Baba alimgusa shavu, akaviangalia viganja vyake.

“Mshike wewe, mwanangu. Bado ana joto?”

Nilimshika. Nikasema ndiyo.