Nilivyokuwa Mkono wa Babu Bwawani

Babu alifika Dubai mwezi wa kumi na mbili, kwenye kiti cha magurudumu, sanduku la chambo likiwa mapajani. Alikuwa baba mzazi wa madam, Mmarekani aliyepooza mkono na mguu wa kulia. Nilimwita Babu kwa sababu sikujua nimwite nini, naye akalipenda jina.

Mimi nilikuwa dada wa kazi nyumbani kwa madam. Tangu nitue kutoka Njombe sikuwahi kutoka peke yangu nje ya geti la mtaa wetu wa majumba ya kifahari. Pasipoti yangu sir, mume wa madam, aliifungia kabatini. Kila nilipomwomba madam Ijumaa moja tu, siku ya mapumziko huko, nikasali kanisani na rafiki yangu aliyeishi mtaa wa Al Qusais, alijibu, "Inshallah," na mdomoni mwake neno hilo lilikuwa hapana. Siku moja nilijaribu kutoka mwenyewe. Mlinzi wa getini, Mkenya mpole, alinisogeza pembeni.

"Dada, nikikufungulia bila madam kupiga simu, kesho mimi ndio sina kazi. Nisamehe."

Nikarudi kupiga pasi.

Ndani ya mtaa kulikuwa na bwawa dogo la kuchimbwa, kingo zake za saruji, na matete upande mmoja. Mtunza bustani alimwambia Babu kuwa mpangaji wa zamani alimwaga humo samaki wa kigeni. Babu akaapa amemwona mmoja: bass, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, ambaye kwao alimvua tangu utotoni. Hakulala vizuri tena. Baridi ya Dubai ilipoanza kulegea, mwezi wa pili, akaagiza nimsukume hadi bwawani kila siku mtoto wa madam akishalala baada ya chakula cha mchana.

"Wewe utarusha," aliniambia. "Mimi nitafikiri."

Sikuwa nimeshika fimbo ya kuvulia wala ndoana maishani. Kwetu samaki walifika sokoni wakiwa wamekauka. Siku za kwanza nilinasisha mshipi kwenye matete, Babu akatukana, nami nikanuna. Kisha akaniuliza swali.

"Maji ndiyo kwanza yametoka kwenye baridi. Ungekuwa samaki, ungekaa wapi?"

Nikawaza asubuhi za baridi za mwezi wa saba nyumbani, wakubwa kwa wadogo wamejibanza ukutani wakiota jua. Nikanyoosha kidole pale jua lilipopiga saruji, kwenye maji mafupi karibu na matete.

"Haya, tuanzie hapo."

Niliokota sandukuni chambo cha kibati kinachozunguka, kwa sababu kiling'aa. Akakikataa. Kile kilitaka samaki mwenye nguvu za kukimbiza, na huyu bado alikuwa mzito kwa baridi. Akachagua mnyoo wa mpira, mdogo, mweusi, uonekane kwenye maji yenye tope. Akanifundisha nisimame mbali na ukingo kivuli changu kisianguke majini, nirushe sambamba na kingo, nivute taratibu sana, niache, nivute tena.

"Usimkimbize. Mpitishie mdomoni."

Nikaanza kuipenda saa ile, maana hakuna aliyeniita. Lakini ng'ambo ya bwawa ulikuwepo ukuta, na nyuma yake magari yalipita yakielekea mjini. Mara nyingi macho yangu yaliuacha mshipi yakabaki ukutani.

Siku samaki alipouma, nilidhani nimenasa tena kwenye matete. Kisha mshipi ukaondoka wenyewe. Babu alipiga kelele kama mtoto, "Inua! Inua fimbo!" Nikamtoa samaki mnene, tumbo limejaa, mdomo wazi. Nilishaona mchuzi wake, na nyanya na vitunguu.

"Ana mayai," Babu akasema. "Mrudishe."

"Simrudishi."

Sikuamini kuwa ni mimi niliyesema.

"Msimu wa kutaga unaanza. Mrudishe, tafadhali."

"Huyu aende zake, na mimi? Mimi nani ananirudisha, Babu? Ijumaa moja tu naomba, moja!"

Nililia nikiwa nimemshika samaki. Babu alinitazama. Hakuwa akijua, alidhani Ijumaa ninapumzika chumbani kwa hiari. Nilipiga magoti nikamtia samaki majini, akatoweka.

Jioni nilimsikia akimsema madam mezani. Madam akamjibu, "Khalas, yatosha, baba, huelewi mambo ya huku." Babu akaweka kijiko chini.

"Vizuri. Ijumaa nataka kwenda kanisani. Yeye ndiye atanisukuma."

Babu hakuwa mtu wa kanisa, na madam alilijua hilo. Lakini angemkatalia vipi baba yake?

Ijumaa ile mlinzi alifungua geti, akampigia Babu saluti. Kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili, rafiki yangu alinikumbatia tukashindwa kuachana. Babu alisinzia katikati ya mapambio. Nilicheka Kiswahili hadi mbavu zikauma.

Wiki iliyofuata aliugua kifua, na kabla ya joto kali akarudishwa kwao. Nilimwomba madam Ijumaa nyingine. "Inshallah," alisema, akanikabidhi mashati ya sir.

Nilimaliza mkataba wangu nikiwa ndani ya mtaa ule. Sir alinikabidhi pasipoti uwanja wa ndege, mbele ya kaunta. Nikaifungua kwanza, kuhakikisha kweli ni yangu.