Nafasi Kando ya Clifford

Saa tatu asubuhi, sakitu nyeupe, umande ulioganda kwa baridi, bado imeng'ang'ania majani ya Kirk Aldersby, kijiji cha Uingereza. Enid Garbutt, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, anasukuma kwa fimbo tawi lililoanguka njiani, kisha anawageukia watu anaowaongoza leo.

"Kamanda, tope hili umeliagiza wewe?" anauliza Dennis, dereva mstaafu wa basi asiyekosa matembezi haya.

"Nimeliagiza kwa ajili ya mabuti yako mapya, kipenzi."

Kwa miaka kumi na minane, kila majira ya baridi, Enid amewatembeza wageni katika vijiji vya kale vya bonde hili kwa pauni nane kila mtu. Safari huishia katika kanisa la mawe ambalo ufunguo wake anautunza yeye. Nje, chini ya ukuta wa kaskazini, amelala mumewe Clifford, aliyekuwa fundi wa kuta za mawe. Nafasi iliyo kando yake imetengwa kwa ajili ya Enid.

Nafasi hiyo sasa imo hatarini. Waumini wamebaki saba, na dayosisi inakusudia kulifunga kanisa pamoja na makaburi yake. Hakuna atakayezikwa tena humo.

Mwezi Novemba, ofisa alikuja kuwauliza wanakijiji kama kuna mwenye pingamizi. Walimpa chai. Wakasema hawana neno.

"Nilimwambia asijisumbue kwa ajili yangu," Enid anakumbuka. "Alikuwa ametoka mbali, maskini, na viatu vimelowa. Ningeanzaje kugombana naye?"

"Mimi nilimkatia keki," Dennis anakiri. "Nikamfungia na kipande kingine cha njiani."

Adabu ni jambo jema. Lakini adabu inayomnyima mtu kaburi lake imevuka mpaka.

Ndani ya kanisa, mgeni mmoja anaketi mwishoni mwa benchi la pili, mahali alipozoea kukaa Clifford. Siku zote Enid hunyamaza. Leo anamwendea.

"Hapana," anasema. "Samahani sana, kipenzi. Hapo pana mwenyewe."

Mgeni anahama. Enid anamtazama Dennis, machozi yakimlengalenga.

"Nimeanza mazoezi," anasema. Kikao cha mwisho cha dayosisi cha kusikiliza pingamizi kitafanyika Machi. "Siku hiyo, Dennis, usimkatie mtu keki mpaka nimalize kusema."